Mchuuzi Apewe Mahali Kabla ya Kupewa Amri

Suala la wachuuzi wa barabarani ni la zamani katika nchi hii, na kila baada ya miaka michache huzuka upya kana kwamba halikuwahi kujadiliwa. Amri hutolewa, siku ya mwisho hutajwa, mgambo hupita, mikokoteni huchukuliwa, masufuria ya mama lishe humwagwa, na kwa muda wa wiki mbili au tatu njia huwa nyeupe. Mwezi haujaisha, meza zimekwisha kurudi pale pale, au zimehamia uchochoro wa pili ambako bwana afya hafiki. Kisha lawama hugawanywa. Mchuuzi huitwa mkaidi, halmashauri huambiwa haina huruma, na mnunuzi, ambaye ndiye chanzo cha biashara yote hiyo, hupita katikati yao akiwa na andazi lake mkononi.

Kosa la mjadala huo limo katika swali lenyewe. Kwa kawaida huulizwa kama wachuuzi waondolewe au waachwe. Likiulizwa hivyo, hakuna jibu linalodumu, kwani wakiondolewa hurudi, na wakiachwa huziba njia. Swali lipasalo kuulizwa kwanza ni hili: wauzie wapi, saa ngapi, na maji watayapata wapi? Halmashauri ambayo haijalijibu swali hilo haina sheria ya uchuuzi hata kama ina kurasa ishirini za sheria ndogo. Ina orodha ya makatazo tu.

Ushahidi wa jambo hili haupatikani Dar es Salaam au Mwanza peke yake. Upo pia Lukole, katika wilaya ya Ngara mkoani Kagera, upande wa kuelekea Biharamulo, mahali ambapo hapajapata kuwa na jiji wala manispaa.

Yafaa historia yake ikumbukwe. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, maelfu ya Warundi walivuka mpaka na kuingia Tanzania. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakakusanyika Benaco. Wanyarwanda walirudishwa kwao mwezi Desemba 1996, lakini Warundi waliendelea kuwapo, na Lukole ikawa kambi yao kubwa wilayani humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa na watu wanaokaribia au kuzidi laki moja. Kambi hiyo ilifungwa mwaka 2008.

Kwa wingi wa watu, Lukole ilikuwa mji. Kwa sheria, haikuwa mji hata kidogo. Haikuwa na baraza la madiwani wala afisa biashara wa kugawa leseni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na utaratibu uliotumika katika kambi za mikoa ya magharibi ulimruhusu kutembea katika eneo la kilomita 4 tu kutoka kambini, isipokuwa awe na kibali. Chakula chake kilipimwa: mahindi au unga, maharage, mafuta ya kula na chumvi. Katika hesabu hiyo mchuuzi hakuwekewa nafasi, kwa sababu ilidhaniwa kwamba mtu aliyekwisha kupewa posho hana haja ya kununua.

Haja ilikuwapo. Mahindi yakitolewa mazima lazima yasagwe, na mashine haisagi bure. Posho haina mboga za majani, haina ndizi, haina nyama, haina sabuni ya kutosha. Mtoto mgonjwa hataki maharage kila siku. Kwa hiyo mama alichota sehemu ya mahindi yake, akaiuza, akanunua kile ambacho posho haikumpa. Wenyeji wa vijiji vya Ngara nao walileta ndizi na mboga, wakaondoka na mahindi na mafuta. Haukupita muda mrefu, Lukole ikawa na masoko, migahawa, vilabu vya pombe, mafundi cherehani na mafundi baiskeli. Hakuna mamlaka iliyoanzisha biashara hiyo. Ilizaliwa na watu wenye njaa ya vitu vidogo na watu wenye vitu vidogo vya kuuza.

Haifai mfano huu utiwe chumvi. Lukole ilikuwa kambi, na Serikali ilikuwa na sababu zake za kuchunga mienendo ya watu mahali palipo karibu na mipaka miwili, wakati vita vikiendelea upande wa pili. Mchuuzi wa Ngara mjini au wa Biharamulo si mkimbizi. Ni mwananchi mwenye haki ya kwenda atakako katika nchi yake. Lakini tofauti hiyo ndiyo inayoupa mfano uzito. Ikiwa uchuuzi ulichipua mahali ambapo mtu alihitaji kibali cha kutembea, ambapo mtaji ulikuwa kibaba cha mahindi ya posho, je, utazimwa kwa tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata?

Somo la Lukole, basi, ni kwamba mchuuzi hafuati kibali. Hufuata mnunuzi. Mamlaka haina uwezo wa kuamua kama uchuuzi utakuwapo au hautakuwapo. Uwezo iliyo nao ni wa kuamua kama utafanyika mahali panapoonekana au mahali pa kujificha. Soko linalojulikana lilipo laweza kufagiliwa, kuchimbiwa choo, kuwekewa bomba na kukaguliwa. Biashara iliyofukuzwa hadi vichakani au gizani haina hata kimoja kati ya hivyo, na chakula chake ndicho chenye hatari zaidi.

Hali hiyo haikuondoka pamoja na kambi. Barabara ya kwenda Rwanda hupita Benaco, na malori hupita nayo usiku na mchana kuelekea Rusumo, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwezi Aprili 2016. Dereva na utingo wake hawana jiko. Panaposimama lori, pana haja ya chapati, chai, wali na nyama ya kuchoma. Na penye haja hiyo huja mwenye sufuria, mwenye beseni la mandazi na mwenye mkokoteni wa ndizi. Halmashauri ya wilaya yaweza kuliona jambo hilo kuwa kero ya barabarani. Yaweza pia kuliona kuwa mwanzo wa mji, ikaupimia viwanja kabla haujajipima wenyewe.

Ni kweli kwamba kwa taifa zima njia hii haikuonekana mapema. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilitaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayojulikana, na katika utekelezaji wake wachuuzi wengi wa Dar es Salaam walihesabiwa pamoja na wazururaji, wakasombwa na kurudishwa mashambani. Wengi wao walirudi mjini. Baadaye mamlaka zilikubali hali halisi na kuwapa wachuuzi leseni iliyobeba jina hilo hilo la nguvukazi. Kwa maneno mengine, kazi yao iliyoanza kwa kuitwa uzururaji ilikuja kutambuliwa kuwa kazi.

Tangu hapo mwenendo umekuwa wa kwenda na kurudi. Mwaka 2006 vibanda vilibomolewa katika miji mingi. Mwezi Desemba 2016 Rais John Magufuli, ambaye aliwahi kuwa Mbunge wa Biharamulo Mashariki, alizuia wachuuzi wasiondolewe katikati ya miji kabla ya kuandaliwa maeneo yanayofaa. Desemba 2018 vikaletwa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vilivyotolewa kwa shilingi 20,000 kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kitambulisho kilimpunguzia mchuuzi usumbufu wa ushuru wa kila siku, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kitambulisho humweleza mtu ni nani. Hakisemi asimame wapi. Matokeo yake, njia za watembea kwa miguu, mifereji na milango ya maduka vilijaa meza, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza wachuuzi wapangwe upya bila kutumia nguvu na bila kuwapora mali zao. Mwezi Oktoba mwaka huo kazi hiyo ilifanyika Dar es Salaam na katika miji mingine.

Mahali palipotangulizwa maandalizi, matokeo yalikuwa tofauti na mahali palipotangulizwa tarehe. Dodoma ilijenga soko la wazi la machinga karibu na katikati ya mji, ambako mnunuzi hufika bila kupanda gari la pili. Kwa upande mwingine, jengo la Machinga Complex la Ilala, lililojengwa kwa mkopo mkubwa, lilikaa miaka mingi likiwa na vizimba vitupu huku wachuuzi wakijaa barabarani hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Saruji haikukosekana pale. Kilichokosekana ni mnunuzi, kwa kuwa mpita njia hapandi ghorofa kutafuta soksi au karanga.

Wapo wanaopinga, na hoja zao hazistahili kubezwa. Ya kwanza ni afya. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani, wagonjwa walifika zaidi ya 20,000 katika kipindi kisichotimia mwaka, na baadhi ya mamlaka zikapiga marufuku kuuza chakula kilichopikwa mahali pa wazi. Wakati wa mlipuko hatua ya namna hiyo yaweza kuwa ya lazima. Lakini kipindupindu huenezwa na maji machafu na kinyesi, na sufuria ya mama lishe huwa salama au huwa hatari kulingana na maji aliyonayo. Kumfukuza mama lishe bila kumletea bomba ni kuhamisha ndoo ya maji machafu kutoka barabara kuu hadi uchochoroni. Wataalamu wa afya wanasema kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuwa cha moto sana au baridi sana, kwamba kibichi kitenganishwe na kilichoiva, na kwamba maji yawe safi. Masharti hayo hayahitaji jengo la ghorofa. Yanahitaji kivuli, meza, moto, ndoo yenye mfuniko na koki, sabuni, na mahali pa kumwaga maji yaliyotumika.

Hoja ya pili ni ya mwenye duka. Yeye hulipa pango, hulipa leseni, hulipa kodi, kisha huona bidhaa kama zake zikiuzwa mlangoni pake kwa bei nafuu na mtu asiyelipa chochote. Malalamiko hayo ni ya haki. Dawa yake ni umbali na ushuru mdogo ulio wazi: isiruhusiwe kupanga meza mbele ya duka, na kila anayeuza alipe kiasi kinacholingana na ukubwa wa biashara yake, apewe stakabadhi, na fedha hiyo ionekane ikirudi kama maji, taa na choo cha soko. Mchuuzi anayelipa na kuona choo hahitaji kufukuzwa na mgambo ili alipe tena.

Hoja ya tatu ni usalama wa njia. Hapa hapana mjadala. Njia ya waenda kwa miguu ni yao, na mzee au mtoto wa shule asilazimishwe kutembea kati ya malori kwa sababu njia yake imejaa viatu vya mitumba. Mtu aliyetengewa mahali akakataa kwenda hana haki ya kulalamika akiondolewa. Haki hiyo anayo yule ambaye hakutengewa kitu.

Kwa msingi huo, sheria ndogo nzuri haiwaweki wachuuzi wote katika fungu moja. Mwenye mkokoteni wa matunda huhama na wanunuzi, na anachohitaji ni mitaa na saa anazoruhusiwa kupita, na mahali pa kulaza mkokoteni wake usiku. Mwenye meza ya nguo anahitaji sehemu yake yenye namba, asiwe anaigombania kila alfajiri. Mama lishe anahitaji maji na jiko salama kuliko anavyohitaji kitu kingine chochote, na moto wake usiwe karibu na vibanda vya mbao na maturubai. Soko la Karume lililoteketea Januari 2022 linatosha kuwa fundisho kwamba vibanda vilivyobanana haviachi njia hata kwa gari la zimamoto.

Sheria hiyo iseme pia mgambo afanye nini na mali anayoikamata. Mkokoteni ni mtaji wa mtu, na mara nyingi ni wa mkopo. Ukichukuliwa, uandikwe, mwenyewe apewe karatasi yenye orodha ya vitu vyake, aambiwe faini yake na siku ya kuvichukua. Chakula kibovu kiharibiwe mbele ya bwana afya. Chakula kizima kisigawanywe na waliokikamata. Mahali ambapo utaratibu huu haupo, heshima ya Serikali hupungua kila gari la mgambo linapopita, na mwananchi hujifunza kuikimbia ofisi ambayo ilipasa kumhudumia.

Nchi nyingine zimepita njia hii. India ilitunga sheria ya wachuuzi wa barabarani mwaka 2014, inayotaka kila mji uwe na kamati ya uchuuzi ambayo wachuuzi wenyewe hawapungui asilimia 40 ya wajumbe wake, na inayokataza kuwaondoa kabla hawajahesabiwa na kupewa vyeti. Utekelezaji wake umekuwa na matatizo mengi, lakini msingi wake ni sahihi: hesabu kwanza, mahali baadaye, amri mwisho. Karibu zaidi, ng'ambo ya Rusumo, mji wa Kigali ulitangaza mwaka 2017 faini ya faranga 10,000 kwa mchuuzi na kwa mnunuzi wake pia, huku ukiwajengea waliokuwa wachuuzi masoko madogo. Ukali wa hatua hiyo si wa kuigwa. Lakini ilitambua ukweli mmoja ambao huku husahauliwa, nao ni kwamba barabarani kuna watu wawili wanaofanya biashara.

Na huyo wa pili, mara nyingi, ni mtumishi wa umma. Karani hunywa chai yake ya saa nne kwa mama lishe aliye nyuma ya ofisi. Mwalimu hununua chapati langoni mwa shule, na wanafunzi wake hununua mihogo, barafu na ubuyu pale pale. Mama lishe wa langoni akifukuzwa, kazi hudorora, na watoto waliotoka nyumbani bila kunywa chai hukaa darasani na njaa. Kwa hiyo suala hili si la mgambo na machinga peke yao. Linamhusu kila anayekula.

Mwalimu mkuu hana haja ya kungoja waraka. Yeye na kamati ya shule waweza kukubaliana ni wauzaji wangapi wasimame langoni, umbali gani kutoka barabarani, nani ana cheti cha kupimwa afya, na ndoo ya kunawia iwekwe wapi. Afisa mtendaji aweza kuisoma rasimu ya sheria ndogo katika mkutano wa hadhara, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa kuwa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinataka wenyeji waarifiwe na wapewe nafasi ya kutoa maoni kabla sheria ndogo haijapitishwa. Afisa maendeleo ya jamii aweza kuwaunganisha mama lishe katika vikundi ili wapate mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, wakanunue majiko bora na meza zinazosafishika. Afisa ardhi, anapopima senta mpya kando ya barabara, aweza kutenga eneo la wachuuzi siku ile ile anapotenga kiwanja cha shule na cha zahanati. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayongoja fedha za wafadhili.

Wilaya za pembezoni zina bahati ambayo miji mikubwa imekwisha kuipoteza: ardhi bado ipo. Kariakoo haiwezi tena kutanuka, na kila mita ya mraba ina mwenyewe. Katika vituo vya barabarani vya Ngara na Biharamulo bado inawezekana kuchagua mahali pazuri, karibu na mnunuzi na mbali na gurudumu la lori, kabla ya kibanda cha kwanza kuota mizizi. Nafasi hiyo ikiachwa ipite, miaka kumi baadaye halmashauri hizo zitakuwa zikinunua matingatinga ya kubomolea kile ambacho zingeweza kukipanga kwa kamba na mambo.

Halmashauri inayotaka njia safi na iwe ya kwanza kutimiza wajibu wake. Itenge mahali ambapo mnunuzi hufika, ilete maji, ichimbe choo, iandike majina, itoze ushuru wenye stakabadhi. Ikiisha kufanya hivyo, iamuru bila woga, na itakuwa na haki ya kutiiwa.